Kikokotoo kina namba tano, tumegombania moja

Tangu mwaka 2018, watumishi wa umma wawili wakikaa pamoja hawachukui muda kufika kwenye kikokotoo, fomula ya mafao ya wastaafu. Wakifika hapo wanataja asilimia: 50 ya zamani, 25 iliyozua kasheshe, 33 iliyokuja Julai 2022, 40 iliyotangazwa na bajeti ya 2024. Mjadala mzima wa mafao ya uzeeni umegeuka mjadala wa asilimia ya mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa pamoja anapoondoka kazini. Ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi, irudi ngapi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya serikali, na siku ya kukabidhi chaki haiko mbali. Nasema hivi: tumegombania namba moja ndani ya fomula yenye namba tano. Wakati macho yetu yote yako kwenye hiyo moja, mbili nyingine zilibadilika pembeni, na hizo mbili ndizo zilizotuondolea kile ambacho hakirudi. Nitaonyesha kwa hesabu, maana maneno katika jambo hili yamekwisha kuwa mengi.

Tuanze na fomula yenyewe. Mkupuo wa mstaafu unapatikana kwa kuchukua miezi aliyochangia, unaigawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wake wa mwaka, unazidisha tena kwa 12.5, halafu unachukua asilimia iliyowekwa. Basi. Inaenea kwenye mstari mmoja wa daftari. Pensheni ya kila mwezi inatoka humo humo: miezi kwa 580, mara mshahara wa mwaka, unachukua asilimia iliyobaki, unagawa kwa 12.

Kidato cha tatu tunaiita fanksheni. Unaingiza vitu, kanuni moja inavifanyia kazi, linatoka jibu moja. Katika namba zetu tano, mbili ni za kwako mwenyewe, miezi na mshahara. Tatu ni za mtunga kanuni: 580, 12.5 na asilimia. Kwa hiyo anayetaka kupunguza jibu bila kugusa mshahara wako wala miaka yako kazini ana mahali patatu pa kushika.

Siku moja saa ya chai, mwalimu mwenzangu wa jiografia alisogeza kiti, akaweka kikombe juu ya rundo la madaftari ya watu ambayo nilikuwa nimeyasahihisha kwa jasho, akasema, "Mwalimu, hebu nipigie na yangu. Lakini nipigie kwa ile 50, maana wakirudisha 50 mimi sina neno tena." Nikamwambia, "Mkuu, tusianze na yako. Tuchukue mtu wa mfano." Tukamchukua mtumishi aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, mwenye mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Mshahara huo niliuweka sawa katika hesabu zote ili tofauti yoyote itokane na kanuni peke yake.

Kwa utaratibu wa zamani wa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, kigawanyo kilikuwa 540, kizidishi 15.5, na mkupuo asilimia 50. Miezi 360 kwa 540 ni theluthi mbili, mara milioni 12 ni milioni 8. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake mara 15.5 ni shilingi milioni 62 mkononi, na kila mwezi 333,333.

Kwa kanuni ya 2022, 360 kwa 580 mara milioni 12 ni shilingi 7,448,276. Mara 12.5, mara asilimia 33, unapata mkupuo wa 30,724,138. Pensheni ya mwezi inakuwa 415,862.

Mkupuo umekatika nusu. Hapa ndipo kila mtu anaponyoosha kidole kwenye 33. Lakini 33 ni karibu theluthi mbili ya 50. Kutoka 50 kwenda 33 ni kupoteza asilimia 34 ya mkupuo, na sisi tumepoteza zaidi ya asilimia 50. Sehemu nyingine ya upungufu imetoka wapi?

Nikamwandikia mwenzangu hesabu ya tatu, ile aliyoitaka. Rudisha 50, acha mengine kama yalivyo. Pensheni ya mwaka 7,448,276, mara 12.5, mara nusu: mkupuo milioni 46 na laki 5 na ushei. Pensheni ya mwezi 310,345. Akatazama karatasi, akatazama simu yake, akapiga mwenyewe upya kwa kikokotoo cha simu. Jibu lile lile. Ile 50 aliyokuwa akiiombea usiku na mchana inamrudisha kwenye milioni 46, siyo 62, na pensheni yake ya mwezi inakuwa ndogo kuliko ya zamani kwa karibu shilingi 23,000. Amepungukiwa pande zote mbili, na asilimia ni ile ile.

Tofauti hiyo ya milioni 15 na zaidi ni kazi ya 580 na 12.5. Ni sehemu gani ya upungufu wote? Ukianza kubadilisha hizo mbili ndipo ufike kwenye asilimia, zinabeba karibu nusu. Ukianza na asilimia, zinabeba kama theluthi moja. Namba zinazozidishana haziruhusu kugawa lawama kwa namna moja tu. Atakayekupa asilimia kamili ya lawama bila kukuambia alianzia wapi, mshuku. Lakini hata kwa hesabu ya huruma zaidi, theluthi ya machungu yetu ilitoka mahali ambapo hatukupapigia kelele.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Asilimia ya mkupuo, peke yake, haikupunguzii haki yako. Inahamisha. Linganisha ile 33 na 40 kwa mtu yule yule. Kwa 40 anapata mkupuo wa 37,241,379 na pensheni ya mwezi 372,414. Mkupuo umepanda kwa 6,517,241. Pensheni imeshuka kwa 43,448 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Unapata miezi 150 kamili, ambayo ni miaka 12 na nusu. Hiyo ndiyo maana halisi ya 12.5: ni bei. Kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoachia, unalipwa shilingi 12.5 leo. Aliyestaafu na miaka 60 akifariki kabla ya kufikisha 72 na nusu, mkupuo mkubwa umemfaa zaidi. Akivuka hapo, kila mwezi anaoishi anaujutia.

Sasa tazama zile mbili nyingine. Kigawanyo kutoka 540 kwenda 580 kinapunguza kila kitu kwa karibu asilimia 7, mkupuo na pensheni, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho wa uhai wako, na hakuna mahali kinapofidia. Kwa miaka 30 ya kazi, 540 inakupa theluthi mbili ya mshahara kama pensheni kamili. 580 inakupa asilimia 62. Kizidishi kutoka 15.5 kwenda 12.5 kinashusha bei ya kile unachouza, kwa karibu asilimia 19. Muuza mahindi ukimwambia gunia litanunuliwa kwa bei pungufu kwa moja ya tano, hatakaa kubishana na wewe kuhusu auze magunia mangapi. Ataanza na bei. Sisi tulibishana magunia.

Haki ya upande wa pili nayo isemwe. Sheria ya 2018 iliunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa 25 walipanda hadi 33. Kwao 2022 ilikuwa nyongeza, ndiyo sababu kelele haikuwa ya sauti moja. Mchango wa mwanachama wa PSSSF ni asilimia 20 ya mshahara, 5 kutoka kwa mfanyakazi na 15 kwa mwajiri, na mfuko lazima umlipe mstaafu hadi afe. Kuna kiwango cha fomula ambacho mchango huo hauwezi kukibeba. Hilo halihitaji siasa. Ila pia ijulikane kwamba tundu la mfuko halikutobolewa na wastaafu. PSPF ilianza 1999 ikabeba pensheni za watumishi ambao miaka yao ya nyuma haikuwa na mchango wowote, kwa ahadi kwamba serikali ingelipa. Deni hilo likakaa miaka na miaka, hadi serikali ilipotoa hati fungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 mwaka 2021. Mtu akiniambia kigawanyo kilibadilishwa kwa sababu ya uhai wa mfuko, nitamuuliza: uhai ulioathiriwa na nini?

Kurudi kwenye hesabu, kuna kitu fomula yetu haikioni kabisa, nacho ni muda. Ile miezi 150 niliyoipata inadhani shilingi 43,448 ya leo ni sawa na shilingi 43,448 ya miaka 10 ijayo. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, na pensheni isiongezwe, ile 415,862 ya mwezi itakuwa na nguvu ya kununua ya kama 281,000 baada ya miaka 10. Hapo anayedai mkupuo mkubwa ana hoja nzito kuliko wanavyodhani wanaomcheka kwamba ataumalizia kwenye bodaboda na nyumba isiyoisha. Mkupuo unanunua bati kwa bei ya leo. Ukitaka watu waipende pensheni ya mwezi, andika ndani ya kanuni kwamba itapanda pamoja na bei, kwa namba, isiwe kwa hisani ya bajeti.

Namba ya mshahara nayo ina siri yake. Kwa kuwa wastani unachukuliwa kwenye miaka mitatu bora, na kwa wengi wetu hiyo ni ya mwishoni, nyongeza ya mwisho inazidishwa na miezi yote 360. Mshahara ukiongezeka laki moja kwa mwezi katika miaka hiyo mitatu, kwa kanuni ya 33 mkupuo unapanda kwa zaidi ya milioni 3 na pensheni kwa zaidi ya 41,000 kila mwezi hadi kaburini. Sasa wafikirie waliostaafu katika miaka ile kupanda madaraja kulipokuwa kumesimama kupisha uhakiki wa watumishi. Malimbikizo wanaweza kulipwa baadaye, na wengine walilipwa. Je, fomula yao ilipigwa upya? Hilo ni swali la namba ya pili, na katika vikao nilivyokaa halikupata hata dakika tano, kwa sababu ukumbi wote ulikuwa unaimba asilimia.

Silaumu ukumbi. Tumewafundisha watu hawa fanksheni kwa f ya x ni sawa na 2x kujumlisha 3, wakachora mstari, wakapata alama au wakakosa, wakaondoka. Hakuna aliyewauliza x ni nini, wala nani aliyeweka 2. Mwaka jana nilichukua kipindi cha kidato cha tatu, nikaandika kikokotoo ubaoni bila kusema ni kitu gani, nikawaambia wabadilishe namba moja moja, nyingine wazishike zilivyo, wachore grafu ya kila moja. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida humwoni akiinua mkono, akasema, "Mwalimu, hii ya kugawa ukiiongeza kila kitu kinashuka, ila hii ya asilimia kimoja kinapanda kingine kinashuka." Alikuwa amemaliza kazi ya kikao kizima cha wafanyakazi kwa sentensi moja. Baba yake, nikaja kujua, ni mhudumu wa zahanati anayestaafu miaka minne ijayo.

Basi mazungumzo yajayo kati ya vyama vya wafanyakazi na serikali, maana yatakuja, yasianze na 50. Yaanze na karatasi ya tathmini ya mfuko: watumishi wetu wakifika 60 huishi wastani wa miaka mingapi zaidi, na 12.5 ilitokana na takwimu za uhai za nani? Ikiwa wanaishi 17, bei ya 12.5 inamwonea anayechukua mkupuo. Ikiwa wanaishi 10, ni pensheni ya mwezi inayotuonea, na mkupuo uongezwe. Kigawanyo cha 580 kinaokoa mfuko shilingi ngapi kwa mwaka, na hati fungani ya 2021 imeshaingizwa kwenye hesabu hiyo au bado? Majibu yapo kwenye meza ya mtu fulani, kwa sababu hakuna anayeandika 12.5 yenye nukta na tano bila kuwa na jedwali mbele yake. Tulione jedwali.