Wati 1200 za Kwenye Boksi: Mastaa Wanafungiwa Bure, Madereva Ndio Wanaolipa

Kuna staa mmoja mjini hapa, jina linahifadhiwa ila wanaomjua wameshamjua, alirusha video kafungua buti la gari lake. Ndani sabufa mbili, amplifaya inawaka taa za bluu, besi linatikisa mpaka kibao cha namba. Chini yake kaweka emoji za moto basi. Haikupita wiki, vijana kibao walishakuwa Kariakoo wanauliza bei.

Kitu ambacho hakukiandika ni kwamba hakutoa hata mia. Duka lilimfungia bure awe tangazo. Kupewa siyo kosa, kila mtu na mchongo wake. Kosa ni kumeza ulimi, halafu dogo anayeishi kwa hesabu ya siku anaamini ule ndio muziki wa gari, anajikamua na yeye ajifungie.

Na kuna mmoja kajifunga kweli. Mshkaji wa Tabata, anaendesha IST ya mkataba, abiria anawapata kwa simu, kila wiki anapeleka hesabu kwa bosi. Akakusanya laki nane, nyingine za kukopa kwa washkaji, akaondoka na sabufa kubwa ndani ya boksi la mbao na amplifaya iliyoandikwa wati 1200. Siku tatu za kwanza alikuwa mfalme wa kijiwe. Siku ya nne akapata safari ya uwanja wa ndege, abiria ni mama wa makamo na mabegi mawili makubwa. Kamwamkia vizuri tu, shikamoo mama, kafungua buti. Limejaa boksi.

"Marahaba mwanangu. Sasa haya mabegi yanakwenda wapi?"

"Moja tuliweke siti ya mbele mama, lingine utalipakata kidogo."

Mama kamtazama, kaitazama sabufa, kaghairi safari. Mtu anayekula kwa kubeba watu na mizigo yao kauza buti lake kwa besi. Ndiyo maana hili suala siyo la kuchekea.

Turudi kwenye hizo 1200. Wati ni volti mara ampea, hesabu ya shule ya kata hiyo. Gari likinguruma, umeme wake unacheza kwenye volti 14 hivi. Ile amplifaya ya mshkaji ina fyuzi moja ya ampea 30. Kumi na nne mara thelathini ni 420. Na hizo ni zinazoingia. Zinazofika kwenye sabufa ni pungufu, maana nyingine zinaishia kuwa joto. Sasa 1200 imetoka wapi? Imetoka kwa aliyechapa boksi. Namba yenye maana ni ile ya RMS, huwa imefichwa kwa maandishi madogo pembeni, na mara nyingi haifiki hata nusu ya ile iliyochorwa kwa rangi nyekundu. Redio zenyewe ni yale yale. Inaandikwa 50 mara 4, ukweli wake kwa kila spika ni wati 15 mpaka 20 hivi. Muuzaji anajua. Staa akiuliza ataambiwa. Haulizi.

Wapo watakaosema huu ni wivu, watu wasibadilishe redio waendelee kusikiliza kanda. Hapana. Redio ya gari lililotoka Japani kuibadilisha siyo ushamba, ni lazima kabisa. FM ya kule inaanzia 76, na redio nyingi za magari hayo zinagota 90, wakati stesheni za huku zinapanda mpaka 108. Ndio maana mtu anazungusha wee anapata stesheni mbili tatu, kwingine kimya. Menyu yenyewe Kijapani kitupu, na nyingine betri ikichomolewa tu inadai kadi ya ramani au namba za siri. Ekspanda inasaidia, ila namba inayoonekana kwenye redio siyo ya stesheni yenyewe, na zote haziingii. Kwa hiyo redio mpya, sawa. Tatizo ni pale mtu anapodhani skrini ya inchi 10 ina uhusiano na sauti. Haina. Ni tivii ya kuangalia kwenye foleni, na kwenye zile za bei chee utamu wote umeishia kwenye kioo.

Pesa ya sauti inaanzia mlangoni, mbele. Na hapa ndipo hakuna staa anayepiga picha, maana hakuna cha kuonyesha. Spika za kiwandani kwenye vigari hivi vidogo ni karatasi nyepesi na kisumaku cha kuonea huruma. Mlango wenyewe ukitolewa kava una matundu kila mahali. Sauti inayosukumwa mbele ya spika na ile inayotoka nyuma yake zinakutana humo humo, zinauana, besi linapotea. Mwenye gari anasikia besi hakuna, anakimbilia sabufa. Fundi anayejua kazi anaziba yale matundu, anatandika mati nzito kwenye bati lisitetemeke, anafunga spika mbili nzuri za sentimita 16 kwenye fremu ngumu, basi. Watu wengi wakisikia hivyo hawataki tena boksi la buti. Na mabegi yanaingia.

Ila fundi wa hivyo anataka siku nzima. Wa chapchap anamaliza kwa saa moja, anakata soketi ya kiwandani kwa plaizi, anaunga waya kwa mkono na selotepu. Waya wenyewe ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukikwanguliwa na wembe ndani mweupe. Unatoka kwenye betri, unapita chini ya kapeti mpaka buti, na fyuzi pale karibu na betri haijawekwa. Siku waya huo ukichubuka ukagusa bati, hakuna cha kuukata umeme. Gari linaungua, na bosi bado anataka hesabu.

Masikio nayo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema zaidi ya vijana bilioni 1 wa miaka 12 mpaka 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki wa sauti kubwa. Wataalamu wanashauri kelele ya desibeli 100 isizidi dakika 15 kwa siku. Foleni ya Ubungo peke yake ni zaidi ya hapo, tena vioo vimefungwa. Na wimbo wenyewe umechujwa mpaka umebaki mifupa.

Staa wa video kashaweka nyingine wiki hii, gari jingine, duka jingine, bado hajasema nani kalipa. Mshkaji wa Tabata betri ilishamgomea asubuhi mbili, akaamua kuuza. Tangazo lake liko kwenye magrupu tangu juzi: sabufa na amplifaya, imetumika mwezi mmoja tu, bei maelewano, wati 1200.