Uvumilivu wa Mexico si wa mazoezini

Na Salehe Mbaruku

Mkimbiaji anayejiandaa kwa mbio za Comrades za Afrika Kusini, zile za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, akianza kuumwa muundi mwezi wa Machi atapewa ushauri wa namna mbili. Wenzake wa klabu watamwambia avumilie, kwani mbio zenyewe zitamuuma zaidi ya hapo. Watu wa nyumbani, na mara nyingi hata tabibu, watamwambia aache kukimbia kabisa mpaka apone. Wa kwanza wanamsukuma kwenye hatari. Wa pili wanampokonya maandalizi bila kumhakikishia kupona. Wote wana kasoro moja: hawaulizi ni kitu gani ndani ya mguu kinachouma, wala kitu hicho kinaweza kubeba mzigo kiasi gani kwa sasa. Hoja yangu ni kwamba mkimbiaji aliyeumia apunguze mzigo kwa kipimo, kulingana na sehemu iliyoumia, kisha aupandishe kwa kipimo hicho hicho. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuvumilia, na inadai subira kubwa zaidi. Tena haiwahusu wachache. Utafiti wa Martin Hoffman na Eswar Krishnan uliochapishwa mwaka 2014, uliowahoji wakimbiaji 1,212 wa ultramarathoni, ulikuta kwamba karibu theluthi mbili ya waliokuwa bado wanakimbia walikuwa wamepoteza siku za mazoezi kwa kuumia ndani ya mwaka mmoja.

Kwetu sisi, ushauri wa kuvumilia una nguvu kwa sababu una sura ya mtu tunayemheshimu. Oktoba 1968, jijini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika marathoni ya Olimpiki, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walianza 75, wakamaliza 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo ni moja ya mambo makubwa yaliyowahi kusemwa na mwanamichezo wa Afrika Mashariki, na sitaki lipungue hata chembe. Lakini lilihusu siku moja, mashindano yenyewe, jeraha lililotokea njiani na masafa yaliyobaki kufika uwanjani. Baada ya mstari wa mwisho, hapakuwa na kilomita nyingine alizodaiwa kesho yake. Na tunasimulia kana kwamba maisha yake ya riadha yaliishia pale, ilhali mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Mtu hafiki hapo kwa goti bovu. Kipande hicho cha habari kinastahili kusimuliwa kwa vijana sambamba na kile cha Mexico.

Comrades nazo zimezaliwa na mateso, tena ya ardhi yetu. Vic Clapham, aliyeziasisi mwaka 1921, alikuwa askari wa Afrika Kusini aliyetembea maelfu ya kilomita katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lao likimsaka kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na alizitaka mbio ziwe kumbukumbu ya wenzake walioangamia. Mwaka ule wa kwanza walianza 34, wakamaliza 16. Kumbukumbu ya namna hiyo lazima isifu ustahimilivu. Makosa yanaanza pale sifa ya siku moja ya mwaka inapogeuzwa kuwa kanuni ya miezi sita ya mazoezi.

Tuanze na mfupa, kwa kuwa ndipo kuvumilia kunapodhuru zaidi. Mfupa u hai. Ukiongezewa mzigo hujijenga upya, lakini huanza kwa kubomoa: seli zinazoondoa mfupa wa zamani hufanya kazi yake kwa takriban wiki tatu, na zile zinazojenga mpya huhitaji miezi mitatu hivi kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo aliyepandisha kilomita zake ghafla huwa, kwa wiki kadhaa, na mfupa dhaifu kuliko ule alioanza nao, wakati moyo na mapafu vinamwambia yuko tayari kwa zaidi. Hapo ndipo ufa unapopata mwanya, kwenye muundi, kwenye mifupa ya wayo, au kwenye shingo ya mfupa wa paja. Maumivu ya ufa kwa kawaida hukaa mahali pamoja, padogo kiasi cha kuonyeshwa kwa ncha ya kidole. Huzidi kadiri mtu anavyokimbia badala ya kupoa mwili unapopata joto, na baadaye hubaki hata akitembea au akilala. Ufa wa shingo ya mfupa wa paja haushikiki kwa kidole. Huuma ndani ya kinena, nao ndio wa kuogopwa kuliko wote, maana ukikamilika kuwa mvunjiko mtu huishia kwenye chumba cha upasuaji. Eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Anayepewa picha safi akarudi barabarani jioni ile ile ameipa picha mamlaka isiyokuwa nayo. Kipimo cha MRI huona mapema, ila ni ghali na hakipatikani kila mahali. Asiye na uwezo wa kukipata na mwenye ishara hizo achukulie kwamba ana ufa: wiki kadhaa bila kukimbia, na asianze tena mpaka atembee bila maumivu na pale palipouma paguswe pasiume. Kama ni kinena kinachouma, asijitibu hata siku moja, amwone daktari. Niongeze jambo linalosahaulika: mwili usiolishwa vya kutosha hautengenezi mfupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu mwaka 2014 kuhusu hilo, ikieleza kwamba upungufu wa nishati huwadhuru wanawake na wanaume pia. Mkimbiaji wa kike ambaye hedhi yake imekatika wakati wa mazoezi mazito anapewa onyo kuhusu mifupa yake, na asikubali kuambiwa kwamba hiyo ni dalili ya kuiva kimazoezi.

Kano ni habari nyingine kabisa, na hapa ushauri wa kuacha kila kitu ndio unaoanguka. Kano ya kisigino ikipumzishwa tu hutulia, kisha huuma tena siku ya kwanza ya kurudi, kwa sababu mapumziko hayakuipa nguvu iliyoikosa. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi waliwafuatilia wanamichezo 15 wa kawaida waliokuwa wameshindwa kukimbia kwa maumivu ya kano hiyo. Waliwapa zoezi la kusimama kwenye ngazi na kukishusha kisigino taratibu, seti tatu za mara 15, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, hata kama linauma. Wote walirudi kukimbia. Mwaka 2007 Karin Silbernagel, naye wa Uswidi, alikwenda mbele zaidi. Wagonjwa 38 walipewa mazoezi yale yale ya kuimarisha kano. Kundi moja liliacha kukimbia na kuruka kwa wiki sita, lingine likaruhusiwa kuendelea kwa masharti. Maumivu yasizidi tano katika kipimo cha sifuri hadi kumi, yawe yamepoa kufikia asubuhi inayofuata, na yasipande wiki hadi wiki. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na walioendelea hawakudhurika kwa kuendelea. Kwangu mimi hayo masharti matatu yana thamani kuliko nusu ya vifaa vinavyouzwa kwa wakimbiaji. Hayahitaji mashine wala fedha. Yanahitaji mtu mkweli na daftari. Yasichukuliwe tu yakapelekwa kwenye mfupa, ambako tano kati ya kumi ni kiwango cha hatari.

Kuna watakaosema kwamba anayepunguza kilomita Machi na Aprili amekwisha kuzipoteza Comrades. Hofu hiyo ina msingi. Edward Coyle na wenzake waliwapima wanamichezo walioacha mazoezi kabisa, wakaripoti mwaka 1984 kwamba uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika wiki tatu za kwanza, na kwa asilimia 16 kufikia siku ya 84. Lakini hao waliacha kila kitu. Robert Hickson na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliwapunguzia watu muda wa zoezi kutoka dakika 40 hadi 13 kwa siku bila kupunguza ukali wake, na uwezo huo ukabaki pale pale kwa wiki 15. Ustahimilivu wa muda mrefu ulishuka kiasi, na kwa mtu wa kilomita 90 hilo si dogo. Hata hivyo jaribio hilo linaonyesha kwamba pumzi hailindwi kwa wingi wa kilomita peke yake. Baiskeli, kukimbia ndani ya maji ya kina, na kupanda milima kwa kutembea huweka moyo kazini huku mguu ukipumua. Kutembea mlimani hata si mbadala wa kujifariji: wengi wanaomaliza Comrades ndani ya saa 12 zinazoruhusiwa hutembea sehemu ya mlima wa Polly Shortts, na mwenye kuizoea hatua hiyo mazoezini hapotezi kitu.

Njia ya mkato inayotumika zaidi ni kidonge. Ibuprofeni na diklofenaki huuzwa kila duka la dawa, na wapo wanaozimeza kabla ya mbio ndefu ya Jumamosi kama sehemu ya kujitayarisha. David Nieman alipowachunguza wakimbiaji wa Western States, mbio za maili 100 za California, aliona kwamba waliotumia ibuprofeni hawakuwa na maumivu pungufu ya misuli kuliko wasiotumia, ilhali damu yao ilikuwa na dalili zaidi za uvimbe. Mwaka 2017 Grant Lipman na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa wakimbiaji 89 katika mbio za jangwani, kwenye hatua ya kilomita 80. Walioonyesha dalili za figo kuumia walikuwa asilimia 52 kwa waliopewa ibuprofeni na asilimia 34 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Idadi ile haikutosha kufunga mjadala, lakini mtu aliyepungukiwa maji, juani, akiwa na saa nyingi mbele yake, hana sababu ya kuibahatisha figo. Na hata kama figo zingekuwa salama, kidonge kinazima kile kipimo cha maumivu ambacho masharti ya Silbernagel yanakitegemea. Mkimbiaji anabaki anaongeza mzigo bila kujua kinachoendelea chini yake.

Je, mabingwa? Joan Benoit wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa goti siku 17 tu kabla ya mchujo wa Olimpiki wa Mei 1984, akashinda mchujo, kisha akatwaa dhahabu Los Angeles. Kilian Jornet wa Hispania aliteguka bega mapema katika mbio za Hardrock za Colorado mwaka 2017, akakimbia akiwa ameufunga mkono na bado akashinda. Tuwasome vizuri. Benoit hakuvumilia goti. Alikubali lifunguliwe na chanzo kiondolewe, na mguu ulipokuwa haujaweza alizungusha baiskeli kwa mikono. Bega la Jornet halikuwa likibeba uzito wake katika kila hatua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekimbia juu ya ufa wa muundi kwa wiki nane kuthibitisha moyo wake.

Hoja nzito zaidi ni ile inayosema ultramarathoni ni maumivu tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo asiyejifunza kuumia hataimaliza. Nakubali nusu. Mapaja yanayowaka kwenye mteremko wa Fields Hill, katika njia ya Comrades, yanahitaji kichwa kilichozoea. Lakini maumivu hayo husambaa, huipata miguu yote miwili, na huondoka baada ya siku chache. Yanayokaa mahali pamoja, mguu mmoja, yakarudi kila mbio hata ukipumzika siku mbili, hayamfundishi mtu chochote kipya. Kichwa kinaweza kuzoezwa kwa uchovu, kwa jua, kwa kuamka saa kumi alfajiri, bila kuuvunja mwili kwanza. Bruce Fordyce, aliyeshinda Comrades mara tisa kati ya 1981 na 1990, amewahimiza wakimbiaji kwa miaka mingi wafike mstari wa kuanzia na mazoezi pungufu kuliko yaliyopitiliza.

Kuna pia ada iliyolipwa, nauli, likizo iliyoombwa kazini, na kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi hizo ni fedha nyingi. Naelewa kwa nini mtu anashindwa kujitoa. Lakini tafiti juu ya majeraha ya wakimbiaji zinarudi kwenye jambo moja: aliyeumia zamani ndiye anayeumia tena. Anayekimbia Comrades Juni hii juu ya ufa huenda analipia pia Juni ijayo. Ndiyo maana uamuzi wa kwenda au kutokwenda uwekewe tarehe mapema, tuseme wiki nne kabla, na kigezo kiandikwe wakati kichwa kimetulia: kama siwezi kukimbia saa mbili mfululizo kwa wepesi, na kuamka kesho yake bila kuchechemea, siendi. Makocha na viongozi wa klabu ndio wanaoweza kulifanya hili liwe la kawaida. Katika makundi ya simu ya klabu, watu hutuma kilomita walizokimbia na hupongezwa kwa wingi wake. Kiongozi aombe namba ya pili kando ya kilomita hizo, ya maumivu ya asubuhi, sifuri hadi kumi, na aliyeandika sita akapumzika apongezwe kama aliyekimbia thelathini.