Chungu wa pori letu wasiuzwe kwa chupa

KAMINA – Mtu akija kijijini na pesa mkononi akaomba vijana wamchimbie chungu, wengi watacheka. Chungu nao ni mali? Huko Kenya watu hawacheki tena.

Tarehe 5 Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji wenye miaka 19 walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu malkia karibu 5.000. Walikuwa wamewafungia katika vichupa zaidi ya 2.200 vyenye pamba, ili waishi safarini hadi kwa wafugaji wa Ulaya na Asia. Huko malkia mmoja wa aina hiyo, chungu wakubwa wanaovuna mbegu, anaweza kuuzwa hadi dola 220 hivi.

Tarehe 7 Mei mahakama ya Nairobi ilitoa hukumu: faini ya shilingi milioni moja, karibu dola 7.700, ama miezi 12 gerezani. Hukumu hiyo iliwapata pia raia wa Vietnam na Mkenya mmoja, waliokamatwa na chungu mia nne na zaidi.

Huyo Mkenya ndiye wa kufikiriwa hapa Kamina. Faini ya mwenyeji na ya mgeni ilikuwa sawa, lakini mifuko yao si sawa.

Wafugaji hao wanatafuta pia chungu wawindaji, na mapori yetu yanao. Wako wale weusi wakubwa wanaotoka kwa mstari, mia kadhaa pamoja, kuvamia mchwa. Chakula chao ni mchwa tu. Akiwekwa kwenye chupa Ulaya, nani atamtafutia mchwa wazima kila siku? Watalaamu wameona pia kwamba chungu hao hubeba majeruhi wao mpaka nyumbani na kupaka vidonda vyao dawa inayotoka mwilini mwao wenyewe.

Kwa mlimaji, kazi yao inaonekana. Mchwa wanakula mahindi, miti ya mihogo na nguzo za nyumba. Familia iliyokimbia vita na kujenga kibanda cha miti na majani inajua hasara hiyo kuliko mtu yeyote. Kila kiota kinachochimbwa na malkia wake kuondolewa kinawaachia mchwa nafasi.

Watu watasema: njaa haina sheria, kijana anatafuta pesa ya bukari. Ni kweli, na hakuna wa kumcheka. Lakini anayechimba hulipwa kidogo, faida inabaki ng'ambo, na polisi wakifika yeye ndiye wa karibu kushikwa. Kongo nayo ina sheria ya uhifadhi wa maumbile, nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Kutojua sheria hakumwokoi mtu mbele ya hakimu.

Basi viongozi wa mitaa, machifu na wakubwa wa kambi za wakimbizi waseme na vijana mapema, kabla mnunuzi hajafika. Mgeni anayetaka wadudu aulizwe kwanza kibali cha serikali. Asipokuwa nacho, mambo yapelekwe kwa ofisi ya mazingira au ICCN.

Na kama siku moja serikali itaruhusu biashara hiyo, wenye pori wakae mezani kupanga bei. Wasiwe wa kushika jembe tu.