Kelele za wa chini, maradhi ya wa juu

Wapangaji wa nyumba za ghorofa katika miji yetu ya Pwani wanaijua vyema bei ya kodi, bei ya maji na bei ya stima. Bei ambayo wengi hawajaipigia hesabu ni ile ya usingizi. Nayo hulipwa kila usiku, na aghalabu anayeilipa ni yule wa juu kwa ajili ya starehe ya yule wa chini.

Mtu anayetoka Adu, kule Magarini, kuja Malindi, Kilifi au Mtwapa kutafuta riziki huwa ameacha mahali ambapo boma na boma hutenganishwa na shamba. Si kwamba kule hakuna kelele. Ngoma hupigwa na watu hukesha matangani. Lakini kelele hizo zina mwenyewe, zina siku zake, na zikiisha zimeisha. Mjini hupanga chumba ghorofa ya kwanza, na chini yake pana baa, kinyozi aliyetoa spika mlangoni, au kijana aliyenunua redio kubwa na kuituliza sakafuni. Hizo hazingoji arusi wala matanga. Ni za kila siku.

Anapolalamika, jibu ni moja: "Utazoea." Jibu hilo ni la hatari, na ndilo linalofanya jambo la afya lionekane kuwa ni ugomvi wa majirani tu.

Sikio halina kope

Jicho lina kope, sikio halina. Mtu alalapo, masikio huendelea kupeleka habari kwenye ubongo. Kelele ikizidi, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari: homoni za mshtuko humwagika, mapigo ya moyo huongezeka na shinikizo la damu hupanda, hata kama mwenyewe hakuamka wala asubuhi hakumbuki lolote. Akili yaweza kuzoea muziki wa jirani. Moyo hauzoei kabisa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, yaani takriban mnong'ono. Mazungumzo ya kawaida hufika kama 60. Na tukumbuke kwamba kila desibeli 10 zinapoongezeka, sikio husikia kelele hiyo kama imekuwa maradufu.

Mwaka 2011 shirika hilo lilikadiria kwamba kelele za magari na vyombo vingine vya usafiri huwanyang'anya watu wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokana na kukosa usingizi. Ni kweli kwamba utafiti mwingi umehusu magari, treni na ndege, wala si redio ya jirani. Lakini mwili unaokatizwa usingizi hauulizi aliyeukatiza ni nani.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975 kuhusu shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli, wanafunzi wa madarasa yaliyoelekea reli waliachwa nyuma sana katika kusoma na wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Mzazi anayemgombeza mwanawe kwa kusinzia darasani na asikilize kwanza kile kinachopita sakafuni mwake saa tano za usiku.

Mkeka hausaidii

Wengi huanza kwa kununua zulia. Zulia ni zuri, lakini hulinda masikio ya yule wa chini yako dhidi ya vishindo vya miguu yako. Haliwezi kuzuia muziki unaopanda.

Sababu ni hii. Sauti nyembamba, kama ya mtu anayeongea, husafiri hewani na hupungua sana inapokutana na ukuta mzito. Besi ni mambo mengine. Spika iliyokaa sakafuni au kuegemea ukuta hutikisa jengo lenyewe, na saruji huuchukua mtikisiko huo hadi kwenye kitanda chako. Tena kwa sababu ya joto la Pwani sisi hulala madirisha wazi, basi kile kilichoshindwa na saruji huingia kwa dirishani.

Kwa hiyo dawa iko kule chini, mahali kelele inapozaliwa. Spika ikiinuliwa juu ya meza na kuwekewa mpira mzito au sponji chini yake, ikasogezwa mbali na ukuta na besi ikapunguzwa, mwenye redio atausikia muziki wake kama kawaida na wa juu atalala. Gharama yake ni ndogo.

Basi nenda ukamwombe. Nenda mchana, si usiku wa manane hasira zikiwa zimepanda. Piga hodi, msalimie, muulizie wa nyumbani kwake, kisha umwambie: "Ndugu yangu, muziki wako hatuukatai, lakini besi inafika kitandani kwa watoto." Mkaribishe apande juu asikilize mwenyewe. Wengi hawajui kabisa kinachosikika juu.

Wakati mnazungumza, jisaidie. Sogeza kitanda mbali na ukuta unaotikisika na uweke vipande vya mpira chini ya miguu yake. Feni yenye mvumo wa sawasawa hufunika kelele ndogo ndogo. Vizibo vya masikio vya sponji hupatikana katika maduka ya dawa. Pamba ya kawaida haifai sana. Mama mwenye mtoto mchanga asivitumie usiku akiwa peke yake, maana hapana budi amsikie mtoto. Na mtu asikimbilie vidonge vya usingizi bila kumwona daktari.

Sheria ipo

Asiposikia, mwone mwenye nyumba au msimamizi wake, kisha wazee wa Nyumba Kumi na chifu. Andika katika daftari tarehe na saa za kelele. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kiwango cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya makazi. Usiku huo huanza saa mbili na kuishia saa kumi na mbili asubuhi. Hata katika mitaa yenye makazi na burudani pamoja, kiwango cha usiku hubaki 35. Mlalamishi ana haki ya kwenda NEMA, na Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya.

Lakini kwa nini mgonjwa ndiye akimbizane na ofisi? Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na pia kutoa leseni za vileo. Ajabu ni kwamba mkono unaotakiwa kuzuia kelele ndio huo huo unaoweza kuiruhusu baa kufungua chini ya vyumba vya kulala. Nairobi ililiona jambo hilo, na mnamo Novemba 2022 ikatangaza kuzifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi.

Wako watakaosema kwamba miji yetu hula kwa watalii na starehe za usiku. Ni kweli, na vijana wetu wengi wameajiriwa humo. Hatusemi baa zifungwe. Tunasema kwamba leseni ya muziki isitolewe mahali watu wanapolala juu yake, mpaka mkaguzi apande ngazi usiku na kusikiliza akiwa ndani ya chumba cha mpangaji. Nao wajenzi wa maghorofa yanayozidi kuota kila mwaka waamue mapema kama ghorofa ya chini itakuwa duka la nguo au ukumbi wa dansi.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi haihitaji sheria mpya kufanya hivyo. Inahitaji kumtuma afisa mmoja, na kipimo kimoja, saa nne za usiku.