Maua Hayaliwi? Hata Majani Chai Huli

Niliposti waridi zangu zikiwa zimechanua mbele ya nyumba yetu hapa Kapkatet, na mtu wa kwanza kuandika akaniuliza: "Kwani uliacha chuo ndio ukuje kupanda maua? Maua huliwa?" Watu wakacheka wee.

Mambo ya chuo niachieni. Nijibu hilo lingine.

Hapana, hayaliwi. Hata majani chai huli, lakini mmeyapanda mpaka karibu na mlango wa choo na hakuna mtu amewahi kuwauliza swali.

Hii Kenya hupeleka waridi Ulaya kwa ndege, na ikikaribia Februari 14 watu hawalali. Naivasha wanapanda, hata hapa Kericho kulikuwa na mashamba ya waridi. Sasa nenda nyumbani kwa mtu anayezikata. Mara nyingi utapata ua la plastiki juu ya tivii, limejaa vumbi. Kijana akilea waridi za kampuni, hiyo ni kazi. Akilea za mamake, ni ujinga?

Kogo wangu alichuma chai ya kampuni miaka mingi, akilipwa kwa kilo. Anasema nyumba ya meneja ilikuwa na waridi kutoka geti hadi mlangoni, na akipita hapo na kikapu mgongoni alikuwa anapunguza mwendo tu, anuse. Nikamuuliza, mbona hukupanda zako? Akanijibu: "Hayo yalikuwa ya wenyewe."

Wenyewe! Kwenye milima ambayo Wakipsigis walilisha ng'ombe kabla makampuni hayajaanza kupanda chai miaka ya 1920. Hilo jibu ndilo linanikasirisha, si kicheko chenu. Ardhi ilichukuliwa, hiyo iko kwenye historia. Lakini ni nani alitufunza kwamba hata kitu kizuri si chetu?

Mtasema shamba ni dogo. Hata letu ni dogo! Waridi zangu sita ziko kando ya ukuta, upana wa futi mbili, mahali palipokuwa na matope na slipa moja iliyopoteza mwenzake. Hakuna chai iling'olewa. Sikununua mche hata mmoja. Jirani alipopogoa zake niliomba matawi, nikakata vipande vya unene wa penseli, nikachomeka, nikangoja. Mvua ya huku inanimwagilia bure. Ubaya wake ni kwamba huleta madoa meusi kwenye majani, kwa hivyo nayatoa na kuyachoma, na sipandi zikibanana. Udongo wetu una asidi, ndio maana chai inaupenda. Waridi haitaki asidi nyingi hivyo, so naweka samadi iliyooza na jivu kidogo la jikoni. Lakini haidrenjia usiiwekee jivu. Asidi hiyo hiyo ndiyo huifanya iwe bluu, rangi ambayo watu kwingine hununua dawa ndio waipate.

Waridi mmoja nimempandia Kogo chini ya dirisha lake. Kila asubuhi anatoka kuuangalia kabla hajaonja chai. Juzi mtoto wa jirani alitaka kuchuma ua, akamkemea: "Wacha, hiyo ni yangu."

Napogoa Jumamosi. Anayetaka matawi akuje na gazeti lililoloweshwa maji. Ni bure. Hata wewe uliyecheka, njoo.