Kunyosha Mstari Si Udanganyifu

Wenzangu kadhaa husema kuwa kubadili tarakimu ili nukta za grafu zikae katika mstari ulionyoka ni udanganyifu. Mimi sikubali.

Tutazame hesabu ya watu wa Uganda. Mwaka 1969 walihesabiwa milioni 9.5, na mwaka 1980 milioni 12.6. Weka rula juu ya nukta hizo mbili, endeleza mstari hadi mwaka 2024, utapata milioni 25 tu. Kumbe mwaka huo walihesabiwa milioni 45.9! Sababu ni kwamba watu wakiwa wengi, huzaa wengi zaidi. Ongezeko lao ni la kuzidisha, si la kujumlisha.

Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Chora logi za hesabu zile mbili, endeleza mstari, kisha geuza jibu liwe watu tena: utapata karibu milioni 39. Bado ni pungufu, lakini umeukaribia ukweli.

Basi mdanganyifu ni nani? Ni yule anayelazimisha rula juu ya mambo yaliyopinda. Nanyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni mkashika kazi za mipango, mjue kuwa madawati yakihesabiwa kwa mstari wake, watoto wengi watakaa chini.

Ila mwenye logi naye ana wajibu wa mambo mawili: aseme wazi alichobadili, tena arudishe jibu lake katika idadi ya watu. Logi haihitaji dawati; mtoto ndiye alihitajiye.