Makarani, Tujifunze Kutunza Daftari la Kompyuta

Ndugu Wanachama,

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limo ndani ya kompyuta, nalo huitwa databesi. Humo imeandikwa siku uliyoajiriwa, mshahara wako, likizo yako, na ada ya chama unayokatwa kila mwezi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema anayepunguzwa kazini alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Mwaka mmoja ukifutika katika daftari, siku zako 15 zimo hatarini.

Je, nani analitunza daftari hilo? Mahali pengi ni fundi wa kukodiwa, na makarani wetu husimama kando wakitazama.

Wako wasemao kwamba kazi hii ni ya watu wa chuo kikuu tu. Mimi sikubali. Karani aliyezoea leja tayari anajua msingi wake: kila mtu ana namba yake, jina lisiandikwe mara mbili, na malipo yaandikwe mahali pake kwa kufuata namba ile. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alieleza mpango wa namna hii wa majedwali, na hata leo unatumika. Lugha ya kuyauliza majedwali, yaani SQL, huanzwa kwa maneno machache tu. Programu ya PostgreSQL hailipiwi, nayo yaingia katika kompyuta ya kawaida.

Lakini kusoma peke yake hakutoshi. Andika wanachama 100 wa kubuni, si wa kweli, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yalinda habari za watu. Andika ada zao za miezi sita, kisha uulize nani hajalipa. Weka nakala ya akiba, halafu ufute daftari lote kwa makusudi na kulirudisha. Likikataa kurudi, basi hukuwa na nakala. Mwisho jifunze kugawa ruhusa: nani asome tu, na nani aweza kubadili.

Viongozi wa matawi, tengeni kompyuta moja na jioni mbili kwa juma. Na katika mapatano na waajiri, tudai mafunzo haya yatolewe saa za kazi, bila kukatwa mshahara.

Ni mimi,
Karani Mwanachama